Gripu au baipodi: uanze na kipi kwenye bunduki ya shabaha au ya kuwindia

Swali linaloulizwa sana ni hili, nina hela ya kitu kimoja tu, nichukue baipodi (ile miguu miwili ya kuegemezea bunduki) au nibadilishe gripu (mpini wa kushikia)? Na jibu ambalo watu wanatoa haraka haraka ni baipodi, kisa kazi yake inaonekana, unakunjua miguu bunduki inasimama yenyewe pale mbele ya watu. Gripu haina mbwembwe hizo. Ila mimi naona swali lenyewe limekaa upande upande, maana hivi vitu viwili havigombanii kazi moja. Gripu inahusu mwili wako unavyokutana na bunduki, baipodi inahusu bunduki inavyokutana na ardhi. Kwa hiyo kabla hujatoa hela jiulize, risasi zangu nyingi nazipiga nikiwa nimekaaje? Nimelala kifudifudi, niko mezani, nimepiga goti au nimesimama? Jibu vile unavyopiga kweli, sio vile unavyojiona kichwani, na hapo nusu ya uchaguzi imeshaisha.

Anayepiga akiwa amesimama au amepiga goti mara nyingi, baipodi kwake ni mzigo. Baipodi ya kawaida ya chuma na alumini ina kama gramu 300 mpaka 400, za mashindano zinapita nusu kilo, na uzito huo haukai katikati karibu na mwili wako, unakaa kule mbele kabisa ambako kila gramu mkono wa kushoto unaihesabu. Mwindaji anayetembea kutwa nzima kwenye majani yanayomfika kiunoni, baipodi ya sentimita 20 ataitumia wapi? Akilala chini anaona majani tu. Huyo anahitaji fimbo za kulengea, zile za miguu miwili au mitatu zinazosimama kifuani, na hela inayobaki aweke kwenye gripu au kitako kinachomkaa vizuri. Kwa upande mwingine anayepiga shabaha za mbali akiwa amelala, huyo baipodi ndo kiungo chake kikuu na gripu ya mbele haimhusu kabisa, kwa sababu mkono wake wa pili hauko mbele, uko nyuma chini ya kitako unabonyeza mfuko wa mchanga.

Tuanze na gripu ya nyuma basi, ile ya mkono unaovuta triga, kwa sababu hiyo inamgusa kila mtu na ndo inayosahaulika kuliko zote.

Kazi yake sio kushika tu. Inaamua kidole kinafikaje kwenye triga. Unataka pedi ya kidole, ile nyama ya mbele kabla ya kiungo cha kwanza, itue kwenye triga na kipande hicho cha kidole kiwe kimekaa mraba na triga ili ukivuta kivute moja kwa moja kuja nyuma. Gripu ikiwa nene sana au iko mbali na triga, mwenye mkono mdogo anafika kwa ncha ya kidole tu na akivuta anaisukuma bunduki pembeni. Ikiwa nyembamba sana mwenye mkono mkubwa anazamisha kidole mpaka kwenye kiungo na yeye anaivuta upande wa pili. Wote wawili wataenda kulaumu darubini, watabadilisha risasi, watabadilisha kila kitu isipokuwa kitu kinachowasumbua.

Kupima ni rahisi na hakuna gharama. Toa magazini, fungua bolti, angalia chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, kwa macho na uingize kidole kabisa uhakikishe ni tupu, risasi zote zikae chumba kingine. Halafu kaa kwenye mkao unaopiga nao siku zote, lenga kitu kidogo ukutani upande ulio salama, na ufyatue bila risasi ukiangalia msalaba wa darubini sekunde ile triga inapoachia. Msalaba ukitulia pale pale, gripu yako ni sawa na huna sababu ya kununua nyingine. Ukiruka upande uleule kila ukifyatua, hapo ni kidole na gripu wanagombana. Huhitaji mtu wa kukuambia.

Kitu cha pili ni mwinamo. Gripu za zamani za bunduki za aina ya AR, zile zinazojipakia zenyewe zenye umbo la M16, ile A2 inayokuja na bunduki nyingi kutoka kiwandani, zimelala sana kuelekea nyuma, na zina kile kinundu cha mbele kinachotakiwa kikae kati ya vidole, sasa vidole vya nani? Kwa mikono mingi kinatua juu ya kidole badala ya kati na baada ya nusu saa unakisikia. Mwinamo ule una mantiki ukiwa umesimama na kiwiko kimenyanyuka na kitako kiko mbali. Ila siku hizi watu wanasimama wameikabili shabaha kifua mbele, kitako kimefupishwa, viwiko viko chini, na hapo gripu iliyolala inakukunja kifundo cha mkono vibaya. Ndo maana kampuni kama Magpul wakatoa K2 ambayo imesimama zaidi, na ndo maana bunduki za masafa marefu zenye chasi za alumini, yaani fremu badala ya kitako cha kawaida, gripu zake ziko karibu wima kabisa. Ukiwa umelala, mkono unakuja kutoka chini na mbele, kifundo kinanyooka, kidole kinavuta kuja nyuma bila kupindisha chochote. Kwa hiyo tofauti kati ya gripu iliyolala na iliyosimama haiko kwenye ubora, iko kwenye mkao. Amelala au anapiga na kitako kifupi, chukua iliyosimama. Amesimama kwa mtindo wa zamani wa ubavu, ile iliyolala bado inamfaa na asidanganywe na mtu.

Raba au plastiki ngumu? Hogue wamejulikana kwa gripu za raba na mkono ukiwa na jasho au mvua inanyesha unaona tofauti mara moja, haitelezi. Shida ya raba ni kwamba inakung'ang'ania. Ukishika vibaya kwa haraka, mkono hautelezi kujirekebisha wenyewe, unabaki pale pale ulipoangukia, plastiki ngumu yenye mikwaruzo inakuruhusu kusogea. Raba pia inashika vumbi na nyuzi za nguo. Mimi kwa mwindaji wa mvua na jasho ningesema raba, kwa anayepiga shabaha taratibu plastiki inatosha na ni nyepesi.

Na kama unabadilisha mwenyewe kwenye AR, sikiliza hapa. Gripu inashikwa na skrubu moja tu inayoingia kutokea chini ndani ya gripu, wengi wanaona ni kazi ya dakika mbili, na ni kweli, ila juu ya gripu upande wa kulia kuna kitundu chenye springi nyembamba, na springi hiyo ndo inasukuma kipini kinachofanya sefti, ile swichi ya usalama, isimame mahali pake. Ukivuta gripu haraka springi inaruka inapotelea kwenye kapeti, au mbaya zaidi unairudisha imepinda na sefti inakuwa legelege au inakwama. Geuza bunduki juu chini kabla hujafungua, toa gripu taratibu ikiwa imenyooka, chungulia springi ilipo. Ukimaliza kufunga jaribu sefti mara kadhaa bila risasi, isikike inagonga vizuri pande zote mbili. Ikiwa na wasiwasi wowote mpelekee fundi, sefti sio kitu cha kubahatisha.

Wenye bunduki za kitako cha mbao cha kizamani, gripu yenu imechongwa humo humo, hakuna cha kubadilisha zaidi ya kitako kizima. Kwenu ulinganisho huu wa gripu unaishia hapa, rukeni mpaka kwenye baipodi.

Sasa gripu za mbele. Hapa kuna aina tatu na watu wanazichanganya. Kuna ya wima inayoning'inia chini kama mpini. Kuna ya mshazari, Magpul ndo walioifanya ijulikane kwa ile AFG yao, mkono unalala kwa pembe badala ya kukunja ngumi. Na kuna kizuizi, kidude kidogo tu cha urefu wa kidole kinachokwambia mkono wako uishie hapa.

Ya wima inakupa nguvu ya kuvuta bunduki ije begani, na inautoa mkono mbali na sehemu ya moto, kwenye bunduki fupi inayopiga risasi nyingi hiyo ni faida kweli. Ubaya wake unauona siku unapotaka kuegemeza bunduki kwenye mfuko wa mchanga, ukuta, gogo, boneti, chochote. Mpini unagonga kabla bunduki haijalala, unabaki unaizungusha zungusha kutafuta pa kuiweka. Unakwama kwenye begi pia, unakwama kwenye mkanda. Ya mshazari inapunguza hilo, unaweza kuilaza juu ya kitu na kifundo cha mkono kinakaa kawaida zaidi kwa anayenyoosha mkono mbele, ila ukitaka kuvuta kwa nguvu haikushiki kama ya wima. Kizuizi ndo kidogo kuliko vyote, gramu chache tu, hakikwami popote, na kinafanya ile kazi ambayo ukiuliza vizuri ndo watu wengi walikuwa wanaitafuta tangu mwanzo, yaani mkono utue mahali palepale kila mara bila kuangalia. Tena unaweza kukikandamiza kwenye ukingo wa ukuta au nguzo bunduki ikatulia.

Ukiniuliza mimi, wengi wanaonunua gripu ya wima wangetosheka na kizuizi. Na mwenye bunduki ya bolti ya kuwindia, ile unayoikoki kwa mkono kila risasi, hahitaji hata kimoja, mkono wake unashika chini ya mbao vizuri tu na ndivyo ilivyochongwa.

Kuna suala la sheria ambalo usilipite. Gripu ya wima ya mbele ni kitu ambacho baadhi ya sheria zinakitaja kwa jina. Marekani kwa mfano, ukiifunga kwenye bastola, sheria ya silaha ya mwaka 1934 inaihamishia bastola hiyo kwenye daraja lingine linalotaka kibali maalumu, na California gripu ya mbele ni moja ya vitu vinavyohesabiwa kwenye bunduki zinazojipakia zenyewe ili kuamua kama zimekatazwa. Kipande cha plastiki cha gramu 80 kinaweza kukuletea kesi. Popote ulipo uliza mamlaka iliyokupa leseni kabla ya kununua, sio baada.

Haya, baipodi.

Hapa watu wanaanza na jina la kampuni na mimi naona waanzie kwenye kitu inachofungwa. Baipodi nzuri kwenye kitako kibovu ni hasara tupu, na kitako hapa nasema mwili mzima wa mbao au plastiki unaobeba mtutu, mpaka mbele. Bunduki nyingi za bei ya chini zina kitako cha plastiki ambacho mbele ni laini, ukikibonyeza na kidole gumba kinakunjika mpaka kinagusa mtutu. Mtutu unatakiwa uelee bila kuguswa ndo utetemeke vilevile kila risasi. Sasa ukifunga baipodi pale mbele halafu ukaegemea, kitako kinapinda, kinagusa mtutu, risasi zinahama, unapunguza kuegemea zinarudi, unachanganyikiwa kabisa. Kabla ya baipodi chukua kipande cha karatasi, kipitishe kati ya mtutu na kitako ukitembeze kuanzia mbele kurudi nyuma. Kikipita bila kukwama, funga baipodi, lala, egemea kama unavyoegemea ukipiga, halafu mwambie mwenzako apitishe karatasi tena bunduki ikiwa tupu. Jaribio la pili ndo lenye maana, kuna vitako vinafaulu la kwanza na kuanguka la pili. Kikianguka, hela ya baipodi peleka kwenye kitako kwanza. Na zile baipodi zinazobana moja kwa moja kwenye mtutu wenyewe achana nazo kwa kazi ya shabaha, kwa sababu ileile.

Njia za kufunga ziko kadhaa. Bunduki ya kawaida ya kuwindia ina kijiti cha mkanda mbele, chuma kidogo chenye tundu, na baipodi za Harris ziliundwa kubana hapo hapo bila kuongeza chochote, na zina sehemu yao ya kufungia mkanda kwa hiyo mkanda haukosi pa kukaa. Nyepesi, rahisi, imekwisha. Kisha kuna reli ya Picatinny, ile chuma yenye meno ya kufungia vifaa, kipimo cha kijeshi cha Marekani cha mwaka 1995, MIL-STD-1913, nafasi zake zina upana wa milimita 5.23 na zinajirudia kila milimita 10. Kuna reli ya Weaver ya zamani zaidi inayofanana nayo kwa macho lakini nafasi zake ni nyembamba, milimita 4.57, kwa hiyo kifaa cha Weaver kwa kawaida kinaingia kwenye Picatinny ila cha Picatinny hakiingii siku zote kwenye Weaver. Ukinunua bila kuangalia hilo utakuja kupiga tupa mwenyewe.

Kisha kuna M-LOK ya Magpul na KeyMod, hizi ni matundu yanayotobolewa kwenye handgadi yenyewe, ile kava ya mbele inayozunguka mtutu. KeyMod ilitangulia 2012, M-LOK ikaja 2014, na 2017 matokeo ya majaribio yaliyofanywa na kituo cha jeshi la majini la Marekani pale Crane kwa ajili ya kamandi ya vikosi maalumu vya Marekani yakaonyesha M-LOK inavumilia mzigo mkubwa zaidi na inarudi pale pale ukitoa kifaa na kukirudisha, wakaichagua hiyo. Tangu hapo KeyMod imepungua sana sokoni. Kama bunduki yako ni ya KeyMod sio mwisho wa dunia, ila ukiwa bado hujanunua handgadi usijifunge huko. M-LOK ina ujanja wake pia, zile nati zenye umbo la T zinatakiwa zizunguke robo na kusimama kukatiza tundu kabla ya kubana, chungulia kwa ndani uone zimegeuka, maana zikikwama nusu zinashika kwa muda halafu baipodi inakudondokea. Kwenye handgadi ya chuma zinabanwa kama nyutonimita 4 (Nm 4) hivi, sio kwa nguvu zako zote.

Na kuna reli ya Arca, ile pana ya milimita 38 hivi iliyotoka kwa wapiga picha, kwenye mashindano ya masafa marefu imekuwa kawaida kwa sababu unasogeza baipodi mbele na nyuma kwa sekunde kadhaa. Ukipiga shabaha zinazobadilika badilika ni raha. Ukipiga sehemu moja tu utakuwa umelipia kitu usichokigusa.

Tukija kwenye baipodi zenyewe, kwangu mimi zinagawanyika makundi matatu tu.

Kundi la kwanza ni Harris na zinazofanana nayo. Springi ziko nje unaziona, miguu inakunjukia upande mmoja, chuma na alumini, hakuna siri. Imetumika miaka mingi jeshini na porini na bado inauzwa. Ukiona herufi S kwenye jina la modeli maana yake inainama kushoto na kulia, chukua hiyo na sio isiyo na S. Faida ni wepesi wa kutumia, bei ya kati na uimara. Ubaya, zile springi zinapiga kelele, ukikunjua mguu bila kuushikilia unasikika tak! na mnyama naye anasikia. Pia kile kitufe cha kukaza mwinamo ni kidogo na kinateleza, ndo maana watu wengi wanakitoa wanaweka lever pembeni ili wakaze na kulegeza bila kuondoa jicho kwenye darubini. Haizunguki kushoto na kulia, inainama tu, kwa hiyo shabaha inayotembea utalazimika kuburuza miguu.

Kundi la pili ni Atlas ya B&T na jamaa zake. Hapa miguu inasimama kwenye nafasi tano, imekunjwa nyuma, digrii 45 kwenda nyuma, wima, digrii 45 kwenda mbele, na imekunjwa mbele. Inainama na inazunguka, kama digrii 15 kila upande. Haina springi za nje wala kelele. Ni kifaa kizuri sana na bei yake inakujulisha hivyo. Ila huo uhuru wa kuzunguka una gharama, mtu aliyezoea Harris akilalia Atlas kwa mara ya kwanza anaona bunduki inaelea elea, mpaka ajifunze kuegemea vizuri. Wapo walionunua Atlas wakarudi kwenye Harris na sio washamba, wanapenda kitu kilichokaza.

Magpul nao wana baipodi yao ya polima na alumini, iko katikati ya hao wawili kwa tabia, inainama na inazunguka, ina kama gramu 310, kitufe cha kukazia ni kikubwa unakishika hata na glavu. Kwa mwindaji anayejali uzito na hataki bei ya Atlas, mimi ningemwelekeza hapa bila kusita. Kwa anayepiga shabaha tu kila wiki, polima ile ina kunepa kidogo ambako Atlas haina.

Kundi la tatu ni za mashindano. Ckye-Pod ya MDT ina miguu inayorefuka sana na kila mguu unarekebishwa peke yake kwa haraka, ukipiga kwenye mawe, paa, matairi, ngazi, inajilipa. Ni nzito. Halafu kuna zile pana za mchezo wa F-TR, mashindano ya kulenga shabaha za mbali ukiwa umelala, miguu imetanuka kama mikono ya mtu anayekumbatia, chini zina vibao vya kuteleza kama ski ili bunduki ikipiga teke irudi nyuma ikiwa imenyooka na isiruke. Kwenye F-TR unaruhusiwa baipodi na mfuko wa nyuma, risasi za .223 au .308 tu, na uzito wote pamoja na baipodi usizidi kilo 8.25. Mwenzake wa F-Open, daraja jingine la mchezo huohuo, anaruhusiwa kilo 10 na stendi nzito ya mbele. Usinunue hizo pana kwa ajili ya porini, hazikunjiki kwenye chochote.

Urefu ndo kitu ambacho watu wanakosea kuliko jina la kampuni. Harris za kulala na za mezani ni inchi 6 mpaka 9, yaani sentimita 15 mpaka 23. Kuna za inchi 9 mpaka 13, sentimita 23 mpaka 33. Na kuna ndefu kabisa za inchi 13.5 mpaka 27, hizo ni za kukaa kitako chini na kupiga, sentimita 34 mpaka 69. Mtu anaona ndefu anasema hii inajumlisha zote. Hapana. Ndefu hata ukiifupisha yote ina miguu mizito, na ukiirefusha inayumba. Kanuni yangu ni fupi kadiri inavyowezekana. Sababu za kupanda kwenda 9-13 ziko kama mbili hivi, magazini yako ni ndefu na inagonga chini, au unapiga ukiwa juu ya mteremko na majani na ile fupi haikutoshi. Ya kukaa kitako ni kwa mwindaji anayesubiri sehemu moja akiwa amekaa, na hata yeye fimbo za kulengea zinampa kitu kilekile bila kubeba gramu za ziada kwenye mtutu.

Kwa nini nasisitiza mwinamo wa kushoto na kulia? Kwa sababu ardhi haijanyooka. Bunduki ikiwa imelala upande hata kidogo, kule mbali risasi inahama pembeni. Chukua mfano umepandisha darubini milirediani 10 kwa shabaha ya mita 800, na milirediani ni kipimo cha pembe, moja ni sehemu moja ya elfu ya umbali. Milirediani 10 kwa mita 800 ni mita 8 za kupandisha. Bunduki ikiinama digrii moja tu, ambayo jicho lako halioni, sehemu ya zile mita 8 inageuka kuwa ya pembeni, kama sentimita 14. Mita 100 hutaona kitu. Kwa hiyo anayewinda umbali mfupi anaweza kuishi na baipodi isiyoinama, wa mbali hawezi, na yeye anunue na kile kitone cha maji cha kupimia usawa akifunge kwenye darubini.

Kuna watu wanalalamika wamefunga baipodi na makundi ya risasi yamekuwa makubwa, yaani zinatua zikiwa zimetawanyika, kuliko walipokuwa wanaegemeza kwenye mfuko wa mchanga. Sio uongo, inatokea. Juu ya saruji au meza ngumu miguu inadunda bunduki inaporudi. Weka kipande cha kapeti chini. Pili, baipodi inataka isukumwe, unalala nyuma yake mwili umenyooka, bega linaegemea mbele kidogo mpaka miguu imebana kwenye ardhi, sio kwa nguvu, kiasi cha kuondoa ulegelege, na kiasi hicho kiwe kilekile kila risasi. Tatu, nyuma unahitaji kitu, soksi iliyojazwa mchanga inatosha, unaibonyeza kitako kinapanda, unaiachia kinashuka. Baipodi bila mfuko wa nyuma ni nusu ya kifaa. Halafu usisahau kupiga sifuri upya ukiwa na baipodi, yaani kurekebisha darubini ili risasi itue pale unapolenga, maana sifuri ya mfuko wa mchanga na ya baipodi sio lazima ziwe moja, na mwindaji aliyeweka sifuri mezani kwenye mifuko halafu akaenda kupiga kwa baipodi porini asishangae.

Wapo wanaotaka kuua ndege wawili, wananunua gripu ya wima yenye miguu ndani, unabonyeza kitufe miguu miwili inachomoka chini. Grip Pod ndo jina linalojulikana, jeshi la Marekani limeitumia. Kwa kuegemea haraka haraka inafanya kazi. Kwa shabaha ya mbali sio, miguu ni myembamba na mifupi, msingi wake ni mdogo, na bado una mpini unaoning'inia unaokwamisha kila kitu kama nilivyosema juu. Unapata gripu ya wastani na baipodi ya chini ya wastani.

Za kunakili za bei rahisi zipo kila kona na nyingine sio mbaya hivyo. Ukiwa nayo mkononi fungua miguu yote mpaka mwisho, shika sehemu ya kufungia kwa mkono mmoja na ncha ya mguu kwa mkono mwingine, tikisa. Kucheza kidogo ni kawaida hata kwa zile za bei, ila ukisikia chuma kinagonga chuma iache. Rudisha mguu mmoja, ukiwa hausimami sawasawa kwenye notchi zote iache pia. Angalia skrubu ya kati inayobeba mwinamo, hiyo ndo inayofunguka baada ya risasi nyingi, tone moja la gundi ya skrubu ya bluu linamaliza tatizo, nyekundu usiweke kwa sababu kuifungua tena ni kasheshe.

Kwa hiyo anayewinda kwa kutembea, gripu au kitako kinachomkaa, fimbo za kulengea, baipodi baadaye au kamwe. Anayepiga amelala, baipodi ya 6-9 inayoinama pamoja na mfuko wa nyuma, kisha gripu iliyosimama. Mwenye AR ya mazoezi ya kusimama na kutembea, gripu ya nyuma kwanza, kizuizi mbele, na baipodi iwe ya kufunga na kufungua kwa lever ikae kwenye begi mpaka siku ya kulala. Na anayepiga mezani tu asinunue chochote kati ya hivi, anunue mifuko miwili ya mchanga na risasi za kufanyia mazoezi.